Mpishi Mkata Nyasi: Basi la Kanisa Laja Hotelini

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa tayari limefungia nyama, usijali. Hukukosa jambo lolote la kunipa sifa.

Mimi ni Kitavi, mzaliwa wa Woodley, hapa Nairobi. Miaka mitatu nimekata nyasi na kupunguza ua nyumbani kwa Madam Waceke, Lavington. Ajenti mmoja wa mjini anayeitwa Gichuru akatangaza kazi ya mpishi huko Doha, kwenye jiko la kambi ya wajenzi. Sharti lilikuwa moja: uwe umefanya kazi miaka mitatu katika nyumba kubwa.

Miaka mitatu ninayo. Nyumba ni kubwa. Ila mimi nilikuwa upande wa nje wa dirisha la jikoni.

Nikaandika "mpishi". Joash, ambaye ndiye mpishi hasa wa nyumba hiyo, angeenda mwenyewe, lakini anaogopa ndege kuliko anavyomwogopa Madam. Akakubali nambari yake ya simu iandikwe kuwa ya mwenye nyumba. Gichuru alipopiga kuulizia habari zangu, Joash alikohoa kidogo, akashusha sauti, akawa Daktari Waweru, mume wa Madam. Alinisifu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kumwajiri huyo Kitavi.

Na Mama? Mama nilimwambia nasomea upishi Waithaka, masomo ya jioni, miezi sita. Kila jioni aliniombea nifaulu. Hapo ndipo tulipoachia.

Ijumaa saa sita mchana, Gichuru akatushusha, mimi na dereva mmoja wa lori aitwaye Lenox, kwenye hoteli ya wasafiri karibu na uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa ya saa tano usiku.

"Sikizeni," akasema Gichuru. "Gari linakuja saa moja jioni. Kabla ya hapo hakuna kutoka, hakuna pombe, hakuna wageni. Wageni hasa. Mwezi jana kijana mmoja alisindikizwa na mchumba wake, wakalia wote wawili, akabaki."

"Mimi sina mchumba," nikasema.

"Hilo linaonekana. Pasipoti zenu ziko na Madam Nasimiyu. Yeye ndiye mkubwa wa jiko huko Doha. Alikuja likizo, anarudi na ndege yenu. Atawapa mkifika uwanjani."

Moyo wangu ukafanya kitu ambacho daktari wa kweli angekiandika.

"Mkubwa wa jiko? Yuko wapi?"

"Hapa hapa. Chumba kinachofuatana na chenu. Kitavi, si umefurahi? Mpishi kwa mpishi!"

Akaenda zake.

Lenox alikuwa ameshalala na viatu. Hoteli ile ni ya watu wa kulala mchana. Mapazia mazito, korido kimya, na kwenye mapokezi kuna televisheni inayoonyesha saa za ndege badala ya habari. Mimi nilikaa kitandani nikihesabu vyakula ninavyovijua. Ugali. Chai. Mkate, ukiwa tayari umeokwa.

Saa tisa mlango ukagongwa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, kitambaa kichwani, miwani imening'inia kwa uzi. Mikono yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za kuungua hadi kwenye viwiko.

"Wewe ndiye Kitavi? Wa Lavington?"

"Ndiye mimi, Madam."

"Njoo tunywe chai. Nataka kukujua."

Tukakaa kwenye chumba cha kulia cha hoteli, sisi wawili tu. Akamimina chai. Hakuweka sukari. Watu wasioweka sukari huniogopesha.

"Nitakuambia kwa nini nakuuliza maswali," akaanza. "Mwaka jana nililetewa mpishi kutoka Nairobi. Barua nzuri, sifa nzuri. Kumbe kinyozi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Alipika kuku wa watu mia mbili na kumi. Nje wamekauka, ndani wabichi. Watu kumi na tisa wakalazwa. Mmoja, kijana wa Bungoma, alikaa huko wiki tatu. Mama yake alinipigia kila siku. Mimi ndiye niliyempokea yule kinyozi uwanjani. Kwa hiyo siku hizi sisubiri kufika huko."

Nikaweka kikombe chini. Mpaka dakika hiyo niliuona uongo wangu kama tikiti ya kuingia uwanja wa mpira. Ukishapita getini nani anauliza? Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ndani kuna watu wanaokula.

"Wali wa watu mia mbili," akasema. "Maji unapimaje?"

"Kwa jicho, Madam."

"Jicho gani?"

"La kulia. La kushoto linaangalia moto."

Akatabasamu kidogo. Nikapata pumzi.

"Haya. Mafuta yameshika moto kwenye sufuria. Moto unapanda. Unafanya nini?"

Hapa mdomo wangu ulikuwa tayari kusema *namwaga maji*. Moto na maji, nani hajui hilo? Lakini alikuwa ameinua miwani akaivaa, na mtu hakuvalii miwani bure.

"Madam, samahani. Tumbo. Dakika moja."

Nikakimbilia chooni, nikampigia Joash. Akapokea. Nyuma yake kulikuwa na makofi, tarumbeta, na sauti za wanawake wakiimba.

"Joash! Mafuta yakishika moto natupia nini?"

"Nini? Ongea kwa nguvu!"

"Mafuta! Yakishika moto!"

"Funika! Zima moto wa chini, funika na kifuniko! Usithubutu kumwaga maji, buda, utajichoma uso!"

"Sawa. Mbona kuna kelele? Uko wapi?"

"Si niko kwa basi."

"Basi gani?"

"La kanisa. Mama yako alinipigia jana. Tunakuja kukusindikiza. Tumejaa, wengine wamesimama. Ulidhani utaondoka kama mwizi?"

Nikakaa juu ya choo kilichofungwa.

"Joash, shuka."

"Nishuke wapi? Tumeshapita mjini. Na nimevaa suti."

Nikarudi mezani nikiwa na jasho la mtu aliyekuwa na tumbo kweli.

"Nafunika, Madam. Nazima moto wa chini, nafunika. Maji sigusi."

"Vizuri. Kinyozi alimwaga maji." Akaonyesha mkono wake wa kulia, alama kubwa kuliko zote. "Nilikuwa nimesimama karibu."

Akainuka. "Kapumzike. Tutaongea zaidi ndani ya ndege. Ni mwendo wa saa tano hewani, nina maswali mengi."

Nilipofika kwenye korido nikampigia Mama.

"Mama, hapa wageni hawaruhusiwi."

"Sisi si wageni. Wewe ni mtoto wetu. Mgeni ni hiyo hoteli."

"Mama, kweli tena, mkubwa wa kazi yuko hapa. Ataona vibaya."

"Ataona vibaya watu wakimwomba Mungu? Basi ni vizuri tumjue mapema."

"Niombeeni kwa simu."

"Kitavi, nimekubeba miezi tisa, sikukubeba kwa simu. Mchungaji Ndambuki yuko hapa, anakusalimia. Tuko watu thelathini na mmoja. Umekula?"

"Nimekula."

"Umejipikia?"

"Mama, ni hoteli."

"Haya. Tunakaribia."

Nikaona njia moja tu. Nikashuka mpaka langoni, nikamkuta askari, nikamsalimia kwa heshima zote.

"Kuna basi la kanisa linakuja. Tafadhali usiliruhusu kuingia. Amri ya hoteli. Mimi nitatoka niwaage hapa barabarani, dakika tano, wageuze."

"Hakuna shida, kijana. Hapa bila jina kwenye kitabu cha hoteli hauingii hata upepo."

Mtu wa kazi. Nikampenda.

Saa kumi na moja basi likafika, limefungwa vitambaa vyeupe kama linaenda harusini. Mama akateremka wa kwanza. Askari akanyoosha mkono kuzuia. Mama akamsalimia kwa Kikamba. Askari akashusha mkono. Mama akamuuliza kwao ni wapi. Askari akasema Mwala. Mama akamuuliza ukoo. Askari akataja ukoo. Mama akapiga kelele ya furaha na kumshika mabega.

Katika sekunde arobaini askari wangu alikuwa mjomba. Lango likafunguliwa lote, pande zote mbili, na mjomba mwenyewe akaliongoza basi kurudi nyuma hadi chini ya madirisha ya vyumba.

Nikafunga macho. Niliposikia tarumbeta nikayafungua.

Waliimba. Mapazia yakaanza kusogezwa, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu waliokuwa wamelipia kulala mchana wakatoa vichwa. Lenox akashuka na kandambili za hoteli, akajiunga na wapiga makofi bila kujua ni ya nini.

"Mchungaji," nikamnong'oneza Ndambuki, "tuombe haraka tumalize. Nina mambo ya ndege."

"Haraka ya nini, kijana? Tumetoka Woodley."

Na hapo, mlangoni mwa hoteli, akatokea Madam Nasimiyu. Nilitegemea akasirike. Nilimwomba Mungu akasirike. Yeye akaja akiwa anaimba wimbo uleule, akashika sauti ya pili, na akashikana mikono na Mama yangu.

"Mimi ndiye nitakuwa na kijana wako huko," akamwambia.

"Asante Yesu!" Mama akalia. "Ndugu zangu, siwezi kumwachilia mtoto bila ushuhuda!"

Wasomaji wa makanisa mengine, nisikilizeni. Kwetu, mtu hapewi baraka mpaka Mungu akumbushwe, kwa sauti, mbele ya watu, alimtoa wapi. Kadiri ulivyotolewa chini, ndivyo utukufu unavyokuwa mkubwa. Mama hajawahi kupunguza utukufu.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi ni Munyiva, mama Kitavi. Huyu mtoto mnamjua. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani—"

"Amina!" nikapaza sauti. "Tuimbe!"

"Ngoja nimalize. Akakaa nyumbani. Mungu akampa kibarua Lavington—"

"Haleluya! Haleluya!" Nikaanza kupiga makofi. Hakuna aliyenifuata isipokuwa Lenox.

"Kitavi, acha kumkatiza Mungu. Nasema Lavington! Alikuwa akifanya nini huko, wapendwa? Alikuwa akikata nyasi!"

"Amina!" wakaitikia wote.

"Mpaka mwezi uliopita alikuwa ameshika makasi ya ua! Mtoto ambaye akichemsha mayai, sufuria ndiyo inaiva! Jikoni kwangu hajawahi kukata kitunguu! Lakini Mungu akasema, jioni uende Waithaka ukasome. Miezi sita! Leo wanamwita nani? Mpishi! Anapaa angani kupikia watu mia mbili!"

"Amina!"

Mikono ilikuwa juu. Watu walikuwa wanalia. Madam Nasimiyu alikuwa amefumba macho, na midomo yake ikasema amina polepole, kama mtu anayeweka sahihi.

"Na nimshukuru huyu Joash," Mama akaendelea, akimvuta Joash na suti yake mbele. "Huyu ndiye mpishi wa ile nyumba. Ndiye aliyemshika mtoto wangu mkono."

Madam Nasimiyu akafumbua macho.

Akavaa miwani. Akatoa simu mkobani, akatafuta ile nambari ya mwenye nyumba niliyoiandika, akabonyeza.

Mfukoni mwa suti ya Joash, simu ikalia.

Ningeweza kumwokoa. Ningeweza kuanguka, kuzirai, kupatwa na pepo, mchungaji alikuwepo. Lakini Joash aliitazama ile nambari asiyoijua, na mazoezi yake ya udaktari yakafanya kazi yake. Akakohoa kidogo. Akashusha sauti.

"Haloo. Daktari Waweru anaongea."

"Habari ya jioni, Daktari," akasema Madam Nasimiyu, hatua nne mbele yake.

Tarumbeta ikanyamaza yenyewe.

"Joash," Mama akauliza, "umekuwa daktari lini?"

Joash aliendelea kushikilia simu sikioni, kama vile akiikata ndipo mambo yatakuwa mabaya.

"Mama Kitavi," akasema Madam Nasimiyu, "mtoto wako ameniandikia kwamba amepika miaka mitatu Lavington. Wewe unasema amekata nyasi. Mmoja wenu amemdanganya Mungu au amenidanganya mimi."

"Alikata nyasi," Mama akasema, sauti imeshuka. "Lakini kusoma amesoma. Kitavi. Mwambie ulisoma Waithaka."

Watu thelathini wakanigeukia, pamoja na mjomba wa langoni.

"Sikusoma, Mama."

"Jioni zote hizo ulikuwa wapi?"

"Waithaka. Hapo sikudanganya. Nilikuwa naangalia mpira."

"Miezi sita?"

"Ligi ni ndefu, Mama."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akapigwa kiwiko. Mama hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya basi polepole, akakunja kitambaa chake magotini, akakikunjua, akakikunja tena. Nimewahi kumwona Mama amekasirika, na hasira yake naijua mpaka mwisho wake. Hii nyingine sikuijua.

Madam Nasimiyu akamweleza. Habari ya kinyozi, kuku, watu kumi na tisa, kijana wa Bungoma wa wiki tatu. Alimweleza kwa sauti ndogo, mwanamke kwa mwanamke. Alipomaliza, akatoa pasipoti yangu mkobani, akaiweka juu ya boneti ya gari lililokuwa limeegeshwa hapo.

"Huyo wa wiki tatu," Mama akauliza, "mama yake aliishia wapi?"

"Kijana alipona. Mama yake bado ananipigia. Siku hizi ananisalimia tu, lakini nikiona nambari yake, naketi kwanza ndipo napokea."

Mama akasimama. Akaenda kwenye lile gari, akaweka kiganja juu ya pasipoti yangu.

"Haendi," akasema.

"Mama!"

"Haendi. Nitatumaje ugonjwa kwa watoto wa wenzangu, halafu nimwombee safari njema?"

Mchungaji Ndambuki akafungua mdomo. Mama akamtazama. Akaufunga.

Basi nikadhani mambo yameisha. Wiki hii mngesoma kwamba nimerudi Lavington kuangukia magoti ya Madam Waceke. Lakini Madam Nasimiyu akavua miwani, akapangusa macho, na akasema kitu ambacho hakuna mtu pale aliyekitarajia.

"Mama, mwachilie."

"Unasemaje?"

"Wapishi wangu wawili waliondoka juma lililopita, mikataba imeisha. Keshokutwa saa kumi alfajiri nafungua jiko peke yangu, na watu mia mbili na kumi wanakula saa kumi na moja. Viza ni ya jina lake, kiti ni cha jina lake. Siwezi kupata mwingine usiku huu. Sitampa mwiko. Nitampa viazi avimenye, sufuria azioshe, ngazi ya chini kabisa. Kupika nitamfundisha mwenyewe, taratibu."

"Mtu aliyekudanganya?"

"Mikono yake nitaitazama mwenyewe. Maneno yake ndiyo yananisumbua. Nikimuuliza kama kuku ameiva, nataka jibu ambalo si la kunifurahisha."

Joash, ambaye hatimaye alikuwa amekata simu, akajitosa. "Mimi naweza kumdhamini."

"Daktari," akasema Madam Nasimiyu, "wewe pumzika."

Kabla mtu hajajibu, gari la Gichuru likaingia langoni. Lilikuwa limewahi saa nzima. Akatoa kichwa dirishani, akaona basi, vitambaa vyeupe, tarumbeta na mjomba.

"Kitavi! Nilisema nini kuhusu wageni? Haya, barabara imejaa, kuna ajali huko mbele, tunaondoka sasa hivi! Madam, pasipoti!"

Lenox akakimbilia mizigo yake. Madam Nasimiyu akachukua mkoba. Mama hakuondoa kiganja.

Nikamsogelea. Kwa karibu niliona kwamba alikuwa amepaka mafuta kwenye vidole kwa ajili ya siku hii.

"Mama. Niombe unachotaka."

"Sitaki kuomba tena. Nimeomba miezi sita kwa ajili ya mpira." Akanitazama machoni, na sauti yake ikawa ya kusikiwa na mimi peke yangu. "Nitakuuliza kitu kimoja. Ukifika huko, ukakosea, watu wakaugua kwa mkono wako. Utanipigia simu wewe mwenyewe uniambie? Si Joash. Si ajenti. Wewe, siku hiyo hiyo, kabla sijasikia kwa mtu?"

Gichuru akapiga honi.

"Ndiyo" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Ilikuja haraka, laini, haina uzito wowote, kama zile nyingine zote nilizowahi kumpa.

Nikaogopa, nikaimeza.

"Kitavi," Mama akasema, kiganja bado kimekandamiza pasipoti. "Nimekuuliza."

Honi ikalia mara ya pili.